Kuanza Kutengeneza Mapambo ya Fedha kwa Mashine Ndogo ya Mkono: Mwongozo Kamili

Mashine ndogo ya mkono inayozungusha vichwa, ile ambayo mafundi wengi huiita Dremel hata kama imetoka kampuni nyingine, mara nyingi ndiyo kitu cha kwanza kununuliwa na mtu anayetaka kuanza usonara. Si chaguo baya. Kosa ni kudhani kwamba itakutengenezea pete. Mashine hii inajua kazi moja tu: kula. Inatoboa, inasaga, inakwangua, inang'arisha, na inachokula hakirudi. Umbo la pambo linatoka kwenye msumeno, tupa, nyundo na moto. Mashine inakuja kusaidia pale mkono unapochelewa au usipofika. Anayeishika hivyo hupata kazi safi mapema. Anayeanza kuchonga fedha kwa mashine tangu mwanzo huishia na pete nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili.

Mwongozo huu unakwenda na pete moja rahisi ya bamba, kuanzia kipande cha fedha hadi mng'ao wa mwisho, kisha unagusa kidani. Ukiweza kutengeneza pete hiyo bila ufa unaoonekana, umeshajua sehemu kubwa ya kazi za mwanzo.

Fedha ya kununua

Fedha safi kabisa, ya 999, ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Inayotumika zaidi ni ya 925: sehemu 925 za fedha katika 1,000, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Shaba hiyo ndiyo inayoipa ugumu, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta weusi na madoa ya moto tutakayoyaona mbele. Fedha safi huyeyuka nyuzi 962 za Selsiasi. Ya 925 huanza kulegea karibu na nyuzi 800 na kuwa maji kabisa karibu na 890. Kumbuka hiyo 800, maana lehemu ngumu, metali ya kuungia fedha, huyeyuka chini yake kidogo tu.

Kwa pete ya kwanza tafuta bamba au utepe wa unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 4. Kidani kinatosha na bamba la milimita 0.8 hadi 1. Kulabu za hereni hutengenezwa kwa waya wa milimita 0.8. Chini ya hapo waya hupinda ovyo. Ukizidi sana, hautapita kwenye tundu la sikio kwa raha.

Kabla ya kukata fedha, fanya mzunguko mzima wa kazi kwa shaba nyekundu ya unene ule ule. Inakatika, inapinda na kulainika kwa moto karibu sawa na fedha, na kosa lake halikuumizi mfukoni. Tofauti moja: shaba inaweka weusi mwingi zaidi inapopashwa moto, kwa hiyo usishtuke.

Mashine na vichwa vyake

Angalia mambo matatu kabla ya kununua. La kwanza ni kasi inayorekebishwa. Mashine nyingi hukimbia kati ya mizunguko 5,000 na 35,000 kwa dakika, na kazi ya fedha karibu yote hufanyika chini ya 15,000. Mashine isiyoshuka chini ya 10,000 itakusumbua. La pili ni koleti, ile sehemu ndogo yenye mipasuko inayobana shina la kichwa. Vichwa vya kisonara vina shina la milimita 2.35, wakati mashine nyingi huja na koleti ya milimita 3.2. Nunua koleti ya 2.4 au kishikio cha taya tatu kinachobana kila saizi. Kulazimisha shina jembamba kwenye koleti pana hufanya kichwa kiyumbe, na kichwa kinachoyumba huacha mawimbi kwenye fedha na wakati mwingine hukatika na kuruka.

La tatu ni waya wa kunyumbuka, yaani bomba refu lenye mhimili ndani, linalotoka kwenye mashine hadi kwenye kishikio chembamba kama kalamu. Mashine yenyewe unaining'iniza juu. Unaweza kuanza bila waya huo, ila ukiupata mkono wako utachoka nusu ya ulivyokuwa ukichoka. Usiukunje kwa kona kali: mhimili wa ndani hupata moto na kukatika.

Sanduku lenye vichwa mia moja linavutia, lakini vingi humo ni vya mbao na plastiki. Hivi ndivyo utakavyovishika kila siku:

– biti za kutobolea za milimita 0.8, 1 na 1.5
– shina lenye ufa wa kushikia msasa
– magurudumu ya silikoni, la kukwaruza, la kati na la kumalizia
– vipande vidogo vya feliti (sufi iliyoshindiliwa), angalau vinne
– brashi laini za kung'arishia
– kichwa kimoja cha mviringo chenye meno, milimita 2
– kichwa kimoja chenye chembe za almasi, cha kuchora mikwaruzo ya pambo

Visahani vya kukatia vipo katika kila sanduku. Viache kwanza. Vinakula fedha nyingi kuliko bledi ya msumeno, vinapasha chuma moto, na vikibanwa pembeni hupasuka vipande vipande. Kwa fedha ya unene wa milimita 1.5 msumeno wa mkono unakata vizuri zaidi, na baada ya kuuzoea hauchelewi.

Kuhusu kasi, kinachofanya kazi si namba ya kwenye kitufe bali mwendo wa ukingo wa kichwa. Gurudumu la milimita 22 kwa mizunguko 15,000 ukingo wake unakimbia takriban mita 17 kwa sekunde. Biti ya milimita 1 kwa mizunguko hiyo hiyo haifiki hata mita moja. Ndiyo maana kichwa kikubwa kinataka kasi ndogo. Brashi nyingi hazipaswi kuzidi mizunguko 15,000, la sivyo nyuzi zake huchomoka na kuruka kama sindano. Soma kikomo kilichoandikwa kwenye pakiti ya kila kichwa, na kama hakijaandikwa, anza chini kabisa.

Sikiliza mota. Sauti ikishuka unapogusa kazi, unakandamiza sana. Kichwa kikali hakihitaji nguvu, na kichwa butu hakinoleki kwa kukandamizwa.

Vifaa vya mkono na vya moto

Msumeno wa sonara wenye bledi za namba 2/0 (namba ya saizi ya bledi); nunua dazani mbili, maana zitakatika. Tupa ya nusu duara yenye meno ya wastani, na seti ya tupa ndogo. Fimbo ya pete, ile ya chuma iliyochongoka taratibu yenye alama za saizi. Nyundo ya nailoni au ya ngozi. Nyundo ya chuma itaacha makovu. Koleo mbili zisizo na meno. Senta panchi, chuma chenye ncha cha kuwekea alama ya tundu. Kalipa ya kupimia unene na kipenyo. Ubao wa kufanyia kazi uliokatwa pembe ya V mbele, uliofungwa mezani kwa klampu. Kishikio cha pete cha mbao chenye ngozi ndani.

Upande wa moto: tochi ya gesi ya butani ya mkono, yenye mwali unaorekebishwa, inatosha pete ya gramu 4 au 5. Tofali la kuhimili moto, kibano cha chuma cha kushikia vitu vya moto, kibano cha shaba au cha plastiki cha kuingizia vitu kwenye asidi, boraksi au fluksi ya kisonara (dawa ya kupaka kiungo ili lehemu itiririke), na lehemu ya fedha. Lehemu huuzwa kwa daraja: ngumu huyeyuka karibu na nyuzi 770, ya kati karibu na 740, rahisi karibu na 710. Viwango vinatofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Hakikisha imeandikwa kwamba haina kadimiamu, kwani moshi wake ni sumu kali. Lehemu laini ya umeme, ile ya risasi na bati, isisogee kabisa karibu na meza hii: ikibaki kwenye fedha na fedha ikapashwa moto, inaila na kuacha mashimo.

Kujilinda

Miwani ya kinga ivaliwe kila mashine inapowashwa, hata kwa kutoboa tundu moja. Nywele zifungwe nyuma, mikono ya nguo ikunjwe, bangili na mkufu vivuliwe. Glovu za kitambaa usivae mashine ikizunguka. Kichwa kikishika uzi mmoja, kinavuta kidole. Kama kazi inachoma vidole, tumia kishikio cha mbao au vifuniko vya ngozi vya kidole kimoja kimoja ambavyo vinachomoka vikivutwa.

Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya kiwango cha N95 au P2, wakati wa kusaga na kung'arisha. Sabuni ya kung'arishia iitwayo tripoli ina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na silika huharibu mapafu polepole bila dalili za mapema. Usipulize vumbi kwa mdomo; lifute kwa kitambaa kibichi.

Na hili lisemwe wazi: using'arishe mkufu kwa mashine. Mkufu hujizungusha kwenye brashi haraka kuliko kidole kinavyoweza kuachia, na watu wamepoteza vidole hivyo. Mkufu unang'arishwa kwa kitambaa na mkono.

Pete: kupima na kukata

Urefu wa utepe hautokani na kipenyo cha ndani peke yake. Fedha inapopinda, upande wa ndani hujibana na wa nje hutanuka, kwa hiyo unapima katikati ya unene:

(kipenyo cha ndani + unene) × 3.14

Kwa pete ya kipenyo cha ndani cha milimita 18 na unene wa 1.5: 19.5 × 3.14 = milimita 61.2. Ikiwa upana ni milimita 6 au zaidi, ongeza nusu milimita, maana pete pana hubana kidole zaidi. Utepe huu wa upana wa milimita 4 utakuwa na uzito wa karibu gramu 3.8, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya fedha ya 925 ina takriban gramu 10.4. Hesabu hii itakusaidia kujua ununue kiasi gani.

Chora mistari kwa ncha ya chuma, si kwa kalamu ya wino mnene, kisha kata nje kidogo ya mstari. Bledi ya msumeno ifungwe meno yakitazama mpini, ili ikate unapovuta chini. Iwe na mvutano: ukiipiga kwa ukucha itoe mlio wa juu, si mzito. Pitisha nta ya nyuki mgongoni mwake. Shika mpini kwa wepesi, sogeza mkono juu na chini kwa mwendo mrefu, na acha uzito wa msumeno wenyewe ukate. Bledi nyingi za wanaoanza hukatika kwenye kona. Unapofika kwenye kona, endelea kupandisha na kushusha msumeno papo hapo bila kusukuma mbele, huku ukigeuza bamba taratibu.

Ncha mbili za utepe zipigwe tupa hadi ziwe wima kamili. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Ukiikokota kurudi nyuma unaua meno yake bure.

Kulainisha na kupinda

Fedha inayopindwa au kupigwa nyundo hukakamaa, na ikizidi hupasuka. Dawa yake ni moto. Chora mstari wa kalamu nyeusi juu ya utepe, uweke kwenye tofali mahali penye mwanga hafifu, na uupashe wote moto kwa kuzungusha mwali. Mstari ukififia na fedha ikionyesha wekundu wa mbali sana, unaoonekana gizani tu, imefika kati ya nyuzi 600 na 650. Ondoa moto. Wekundu ukishatoweka, itumbukize kwenye maji. Tofauti na chuma cha pua cha kisu, fedha haigumi kwa kuzimwa majini, inabaki laini.

Pinda kwa koleo zisizo na meno, au kwa nyundo ya nailoni kwenye fimbo ya pete. Pete haihitaji kuwa duara sasa. Herufi D inatosha, mradi ncha zikutane bapa kwa bapa. Zisukume zipishane kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili, halafu zirudishe zikutane: sasa zinasukumana zenyewe kama springi. Inua pete kuelekea taa. Ukiona mstari wa mwanga kwenye kiungo, lehemu haitaujaza. Lehemu hupanda kwenye nafasi nyembamba sana. Nafasi pana huiacha wazi au huijaza kwa muda na kuja kupasuka baadaye. Ukiona mwanga, pitisha bledi ya msumeno ndani ya kiungo kikiwa kimefungwa. Bledi hula pande zote mbili sawasawa, na ukizikutanisha tena zinaingiana.

Kulehemu

Sababu kubwa ya lehemu kushindwa si moto, ni uchafu. Safisha kiungo kwa msasa wa namba 400 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), usiguse tena kwa kidole, kisha paka boraksi iliyokorogwa kwa maji hadi iwe nzito kama maziwa. Paka kiungo na kando zake, ndani na nje.

Kata lehemu ngumu vipande vya milimita 1 kwa 1. Kwa kiungo cha 4 kwa 1.5, vitatu vinatosha. Panga vipande ndani ya pete, juu ya kiungo, vikigusa pande zote mbili. Ukiweka nyingi, utatumia saa nzima kuipiga tupa.

Sasa moto. Fedha ndiyo metali inayopitisha joto vizuri kuliko zote, kwa hiyo kuchoma kiungo peke yake ni kazi bure: joto linakimbilia upande mwingine wa pete. Anza na mwali ulio mbali, ukizunguka pete nzima. Maji ya boraksi yatatoka, itavimba na kuwa nyeupe, na vipande vya lehemu vinaweza kuhama. Virudishe kwa ncha ya chuma. Kisha boraksi itatulia na kuwa kama kioo chenye maji. Hapo ujue umekaribia. Sogeza mwali karibu, endelea kuzunguka, ukitoa muda zaidi kwenye upande ulio kinyume na kiungo, na umalizie kwenye kiungo. Lehemu inafuata joto. Vipande vitajikunja, kisha ghafla utaona mstari unaong'aa kama zebaki ukipita kwenye kiungo chote. Ondoa moto mara moja. Ukiendelea hata sekunde chache zaidi, zinki iliyo ndani ya lehemu huchemka na kuacha vishimo vidogo visivyofutika.

Kama lehemu imekuwa kidonge cha duara na haitaki kutiririka, ama kulikuwa na uchafu, ama boraksi imekwisha nguvu kwa moto mrefu. Usiongeze moto. Zima, weka kwenye asidi, safisha, paka boraksi upya. Kama imetiririka upande mmoja tu, upande huo ulikuwa na joto zaidi. Na kama uso wa fedha umeanza kuonekana umelowa na kutetemeka, uko hatua moja kabla ya pete kuporomoka.

Acha wekundu utoweke, zimisha kwenye maji, kisha tia kwenye asidi. Salama zaidi kwa nyumbani ni asidi ya sitriki: gramu 50 katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kwenye chombo cha kioo au cha udongo ambacho hakitatumika tena kwa chakula. Ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi, itachukua dakika 15 hadi 30. Usitumbukize pete ikiwa ya moto, maana inarusha mvuke wa asidi usoni. Usiingize kibano cha chuma ndani: chuma kikigusana na asidi iliyojaa shaba, shaba hujipaka juu ya fedha na pete inatoka na rangi ya waridi. Pete ikitoka ni nyeupe iliyofifia. Isuuze kwa maji yenye bikaboneti ya soda.

Sasa irudishe kwenye fimbo ya pete na kuigonga kwa nyundo ya nailoni hadi iwe duara. Igeuze kila baada ya mizunguko michache, kwa kuwa fimbo imechongoka na pete isiyogeuzwa hupanuka upande mmoja. Kiungo kikifunguka hapa, ni bora kuliko kingefungukia kidoleni. Kirudie.

Kumalizia: hapa ndipo mashine inapojilipa

Toa lehemu ya ziada kwa tupa, si kwa mashine. Gurudumu la silikoni hula lehemu na fedha kwa mwendo tofauti na kuacha bonde pale kwenye kiungo, na mng'ao utalionyesha.

Ndani ya pete ni pa mashine. Chukua shina lenye ufa, kata utepe wa msasa wa 320 wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 5, ingiza ncha yake kwenye ufa na uuzungushe ili mzunguko wa mashine uukaze badala ya kuufungua. Jaribu kwanza hewani kwa kasi ya chini: ukitawanyika kama ua, umeuzungusha kinyume. Pitisha ndani ya pete kwa mizunguko 5,000 hadi 8,000, ukigeuza pete bila kusimama. Msasa wa juu ukiisha makali, chana safu moja na endelea na iliyo chini yake. Kisha badilisha kwa 600.

Nje ya pete fanya msasa kwa mkono, ukiwa umebandikwa kwenye kijiti bapa: 400, 600, 800, 1200. Kila msasa upite kinyume cha mikwaruzo ya uliotangulia, na usiende namba inayofuata hadi mikwaruzo ya nyuma iishe yote. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayorukwa. Mng'ao haufuti mikwaruzo, unaiangazia.

Sasa feliti na tripoli. Gusisha feliti inayozunguka polepole kwenye sabuni ya tripoli kwa sekunde moja. Ikionekana imejaa donge, umezidisha. Mizunguko 5,000 hadi 10,000, mguso mwepesi, kazi ikiwa kwenye kishikio cha mbao. Sogeza kila wakati. Ukikaa mahali pamoja unachimba. Pete ikipata moto, pumzika.

Osha pete kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki laini, hadi kila chembe ya tripoli itoke, kisha rudia kwa sabuni nyekundu ya ruji na feliti nyingine. Feliti iliyoshika tripoli isiguse ruji hata siku moja. Weka kila moja kwenye kikopo chake chenye alama.

Ukifika hapa ukaona wingu la kijivu au zambarau linalokuja na kupotea kwa kuegemeza pete kwenye mwanga, hilo ni doa la moto: shaba iliyoungana na oksijeni chini ya uso wakati wa kulehemu. Halitoki kwa kung'arisha. Rudi kwenye msasa wa 600 hadi liishe, au pasha moto na tia kwenye asidi mara nne au tano bila kusugua katikati, ili juu ibaki ngozi ya fedha safi, halafu ng'arisha kwa wepesi sana. Mara ijayo lizuie: koroga asidi ya boriki kwenye spiriti, chovya pete nzima, funga chupa na uipeleke mbali, kisha washa pete. Spiriti itaungua kwa mwali wa kijani na kuacha utando mweupe unaozuia hewa.

Kidani na kutoboa

Kidani cha bamba la milimita 1 kinafundisha kutoboa. Weka alama kwa senta panchi, kishimo kidogo tu, juu ya chuma bapa. Bila hicho biti itateleza na kuchora mkwaruzo mrefu. Laza bamba juu ya ubao, ulibane vizuri, tia tone la mafuta au nta kwenye biti, na toboa kwa kasi ya chini kabisa ya mashine. Fedha inanata: inajaza mifereji ya biti, biti inapata moto na kukatika ndani. Kwa hiyo toboa kidogo, chomoa, futa, rudi. Usishike bamba kwa vidole pekee. Biti ikitokeza upande wa pili hulishika na kulizungusha. Biti ya milimita 1 ikikatikia ndani ya tundu, chemsha kipande hicho kwenye maji yenye alumu, yaani shabu: alumu hula chuma na kuiacha fedha.

Tundu hilo hilo ndilo mlango wa msumeno ukitaka kukata nakshi ya ndani: fungua bledi upande mmoja, ipitishe, ifunge tena.

Kwa kupamba uso, kichwa cha almasi au cha mviringo chenye meno kinaacha vijishimo vyenye mng'ao wa aina yake. Kichwa chenye meno kina tabia ya kukimbia upande kinakozungukia, kwa hiyo kisogeze kinyume cha mzunguko wake, egemeza mkono mmoja kwa mwingine, na jaribu kwanza kwenye kipande cha shaba. Nakshi ifanyike baada ya kulehemu yote kwisha na kabla ya ruji.

Chembe za fedha

Weka trei au ngozi chini ya pembe ya ubao tangu siku ya kwanza. Vumbi la tupa na vipande vya msumeno ni fedha ile ile uliyoinunua, na husafishwa na kununuliwa tena na wanaosafisha madini. Tenga vikopo vitatu: vipande visafi vya 925, vumbi lililochanganyika na lehemu, na mabaki ya msasa na feliti. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi juu ya vumbi ili kutoa meno ya tupa na bledi. Vipande visafi unaweza kuviyeyusha mwenyewe baadaye. Vyenye lehemu usiviyeyushe kutengenezea pambo jipya, maana hutajua vitalegea kwenye joto gani.